Mafuta ya kahawia hayauzwi kwenye chupa

Mhariri, gazeti lenu nanunua mwaka wa 11 huu na sijawahi kuwaandikia hata mara moja, ila ile habari ya "mafuta ya kahawia yanayoyeyusha unene" imenifika hapa shingoni.

Ndani mliandika sawa kabisa. Kwamba ni nyama ya mafuta iliyo mwilini mwa mtu mwenyewe, watoto wachanga wanazaliwa nayo nyingi iwatie joto, na mwaka 2009 ndo watafiti wakathibitisha kwamba hata watu wazima wanayo, kidogo tu, shingoni na juu ya mtulinga, na baridi ikiiamsha inachoma sukari na mafuta kutengeneza joto. Na kwamba ile dawa ya kibofu waliyoijaribu, mirabegron, iliiamsha kweli ila ikapandisha mapigo ya moyo. Sasa yote hayo yako chini kwa herufi za sisimizi, juu kichwa cha habari kikubwa kama tangazo la msiba, nani atafika huko chini?

Wifi yangu hakufika. Ana kilo 104 na presha, hapa Nkuhungu kila mtu anamjua kwa unene wake na anaumia sana. Kaenda sokoni kakuta jamaa ana meza, kichwa chenu cha habari kakikata kakibandika kwa selotepu kwenye boksi, chini yake chupa za mafuta yenye rangi ya chai ya rangi, 25,000 moja, asubuhi kijiko jioni unajipaka, na dawa za hospitali uache zisigombane. Wifi kaacha vidonge vya presha wiki mbili jamani! Na kwa sababu kasikia habari ya baridi, usiku namkuta kakaa kibarazani na khanga imelowa maji, mwezi wa saba huu, na upepo wa Dodoma mnaujua. Namuuliza wifi vipi, ananijibu "nayaamsha mafuta, wifi", meno yanagongana. Kesho yake kaanguka akishuka kwenye bajaji, kupimwa presha 190 kwa 110.

Halafu mnatuambia tutembee. Wapi? Njia ya waenda kwa miguu bodaboda wamepaki, mbele yao viatu vya mtumba vimepangwa, ukishuka barabarani honi ziko kisogoni, mtu wa kilo 104 atarukaruka mitaro mpaka lini?

Naomba hivi. Acheni kuandika "mafuta", sisi mafuta tunayajua ni ya kupikia na ya kupaka, andikeni shahamu, shahamu ya kahawia. Ukurasa uleule, juu kulia palepale, mchore shingo na bega mwonyeshe inapokaa, na kwa herufi kubwa zilezile mseme mpaka leo hakuna dawa ya unene iliyoidhinishwa inayofanya kazi kwa kuiamsha.

Chupa ninayo, imebaki nusu. Mwandishi wenu aje aione.

Msomaji wenu,
Nkuhungu, Dodoma