Usilipie kuingizwa Google

Mhariri,

Mimi hutengeneza tovuti, na wateja hawaishi kuniuliza kama wamlipe mtu anayeahidi “kuisajili tovuti kwenye injini elfu moja za utafutaji”. La hasha. Google haitozi chochote kuingiza ukurasa kwenye matokeo ya kawaida, na Search Console, zana yake ya kumwonyesha mwenye tovuti hali ya kurasa zake, ni bure.

Roboti za Google na Bing, yaani programu zinazosoma kurasa, hufuata viungo. Ukurasa usiounganishwa na mwingine wowote huufikia kwa shida, ndiyo maana tangu 2005 kuna sitemap.xml: orodha ya anwani zako, hadi 50,000 kwa faili moja. Ipandishe kwenye tovuti yako, itaje ndani ya robots.txt, faili inayoziambia roboti wapi pa kupita, basi.

Ila kabla ya hayo, fungua msimbo wa ukurasa wa kwanza utafute neno noindex, agizo la kutouingiza ukurasa kwenye matokeo. Fundi huliweka wakati wa ujenzi, akikabidhi kazi analisahau, na mwenye tovuti anabaki kuilaumu Google miezi mizima. Wengine, wakitaka ukurasa usionekane, huweka noindex kisha huifungia roboti ukurasa huohuo kwa robots.txt, sasa hiyo noindex ataisoma nani? Anwani yenyewe bado yaweza kujitokeza kwenye matokeo.

Wauza usajili hawayataji haya. Nusu saa yatosha kuyakagua yote.

Mtengeneza tovuti