Hakimu amesema taslimu au maandishi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo mimi, mwalimu mstaafu niliyesomesha skuli za Pemba kwa zaidi ya miaka thelathini, nilikuwa silijui mpaka liliponifika mlangoni. Jambo lenyewe ni dhamana ya mtu aliyekamatwa. Sizungumzii kama itolewe au isitolewe, kwani hilo wanasheria wanaliandika kila siku. Nazungumzia namna inavyofanya kazi kwa sisi tunaobaki nje tukihangaika, na khasara tunayoipata kwa kutofahamu maneno mawili tu.

Mtoto wa dada yangu alikuwa akiuza katika duka moja la vitambaa mjini Unguja. Ijumaa moja baada ya sala ya Magharibi alichukuliwa na polisi kwa tuhuma kwamba fedha za mauzo zimepungua mikononi mwake. Kesi ingali mahakamani, kwa hiyo sitasema kama tuhuma ni ya kweli au si ya kweli. Usiku ule ule mwenzake wa dukani alitupigia simu kutwambia kwamba kijana atatoka ikipatikana "pesa ya dhamana", lakini hakuweza kusema ni kiasi gani, inalipwa wapi, wala nani anayeipokea. Asubuhi ya Jumamosi akatokea mtu aliyejitambulisha kwamba anajuana na wakubwa, akataka shilingi 300,000 za "kushughulikia jalada". Tulimtumia 100,000 kwa simu. Hatukupewa stakabadhi, hatukumwona tena, na simu yake tangu siku hiyo haipatikani. Sijui kama alikuwa na uhusiano wowote na kituo, na kwa hakika nadhani hakuwa nao. Alikuwa anajua tu kwamba familia yenye mtu mahabusu haiulizi maswali mengi.

Jumatatu kijana alifikishwa mahakamani na hakimu akampa dhamana. Ndugu yetu aliyekuwepo alisikia "milioni mbili" ikitajwa, akasikia "wadhamini wawili", akapiga hesabu palepale na kututumia habari huku Wete, Pemba, kwamba zinatakiwa milioni nne. Dada yangu ni mjane. Alichonacho ni bangili zake mbili na mikarafuu aliyoachiwa na marehemu baba yetu. Kabla ya Alasiri alikuwa ameshazungumza na mtu anayekodi mikarafuu, ampe fedha siku ile ile na yeye ampe mavuno ya msimu ujao kwa bei ambayo, Ndugu Mhariri, naona haya kuitaja. Aliyemzuia ni jirani yangu mmoja, karani wa mahakama aliyestaafu siku nyingi, ambaye alikuja kutupa pole, akakaa barazani, akasikiliza, kisha akauliza swali moja: "Mwalimu, hakimu amesema taslimu au maandishi?"

Hatukujua. Tulipopiga simu kuuliza, ikabainika kuwa hakimu alitaka wadhamini wawili, kila mmoja asaini bondi ya maandishi ya shilingi milioni mbili, na kila mmoja awe na barua ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa anaoishi, na nakala ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Hakukuwa na hata senti moja ya kulipwa siku ile.

Basi nieleze kile alichotueleza karani yule, kwa sababu kimeandikwa katika sheria lakini mtu wa kawaida hakioni popote. Bondi ya maandishi ni ahadi. Mdhamini anasaini kwamba mshtakiwa atafika mahakamani kila tarehe atakayotakiwa, na kwamba asipofika, yeye mdhamini atawajibika kulipa kiasi kilichoandikwa. Mshtakiwa akihudhuria mpaka kesi ikamalizika, akionekana ana hatia au hana, ahadi ile inakwisha na mdhamini halipi kitu. Fedha taslimu ni jambo jingine: hiyo inawekwa mahakamani kwa stakabadhi, na kesi ikimalizika bila mshtakiwa kukimbia inarudi kwa aliyeiweka. Ndiyo maana stakabadhi ile itunzwe kama hati ya nyumba, maana kesi zetu zinaweza kuchukua muda na wino wa stakabadhi hufutika. Iko pia njia ya tatu, ya mshtakiwa kujidhamini mwenyewe kwa saini yake tu bila ya mdhamini mwingine. Hakimu anaweza kuchanganya, akataka taslimu kidogo na bondi kubwa, na wasomaji wa kurasa za habari za mahakamani watakumbuka kwamba masharti ya namna hiyo yanaripotiwa mara kwa mara. Lakini taslimu na maandishi ni vitu viwili mbalimbali, na anayevichanganya anaweza kupoteza msimu mzima wa karafuu.

Kabla ya mahakama kuna dhamana ya polisi. Mtu aliyekamatwa bila ya hati anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na pale ambapo haiwezekani, mkuu wa kituo ana uwezo wa kumwachia kwa dhamana ikiwa kosa si zito, kwa mdhamini au kwa ahadi yake mwenyewe. Dhamana hiyo haina ada. Jeshi la Polisi lenyewe limekuwa likitangaza kwamba dhamana haiuzwi. Kwa hiyo mtu yeyote anayetaka "pesa ya dhamana" kituoni, awe amevaa sare au hajavaa, anataka kitu ambacho sheria haikukiweka. Ningelijua hilo usiku wa Ijumaa ningelikwenda mwenyewe kuuliza kwa adabu, badala ya kutuma fedha kwa mtu nisiyemjua.

Sina budi kukiri kwamba si kila kosa lina mlango huu. Kuua kwa makusudi na uhaini havina dhamana katika mahakama za chini, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Zanzibar ya mwaka 2018 imeyafunga pia makosa mengine makubwa, ukiwemo ubakaji. Wenye watoto wadogo wengi waliifurahia hatua hiyo na mimi ni mmoja wao. Lakini wizi wa dukani, ugomvi wa mtaani, ajali ya barabarani na mambo mengi yanayojaza mahakama zetu yana dhamana, na Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika kifungu cha 12, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika.

Katika siku zile za mahangaiko, mpwa wangu mwingine anayeishi Marekani alinipigia simu na kuniuliza, "Mjomba, kwani huko hakuna kampuni ya dhamana?" Nilimtaka anifafanulie. Huko, katika majimbo mengi, hakimu akitaja dola 10,000 na familia haina, inakwenda kwa mfanyabiashara wa dhamana, inamlipa kwa kawaida asilimia 10, yaani dola 1,000, naye anaiwekea mahakama dhamana ya kiasi chote. Zile 1,000 hazirudi, hata kama mshtakiwa atahudhuria kila siku na hata kama kesi itafutwa wiki inayofuata. Mara nyingi mfanyabiashara hutaka na rehani juu yake, nyumba au gari, na mshtakiwa akikimbia huajiri watu wa kumsaka. Kwa bahati wapo walioliona tatizo: Kentucky iliipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1976, na Illinois ikaondoa kabisa dhamana ya fedha kuanzia Septemba 2023.

Nilimjibu kwamba kwetu hakuna kampuni kama hiyo na nikamshukuru Mungu. Tuliosoma fiq-hi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, japo kidogo tunakumbuka kwamba kumdhamini mtu ni katika milango ya wema, na kwamba wanavyuoni walio wengi hawakuruhusu mdhamini achukue ujira kwa kule kudhamini kwake. Baadaye, hata hivyo, nilijiuliza yule bwana wa shilingi 100,000 tumwite nani. Kampuni ya Marekani angalau inatoa risiti na mtu anatoka. Pale ambapo watu hawajui kwamba dhamana ni saini, biashara ya dhamana inazaliwa yenyewe, bila leseni na bila anuani.

Tulipokwisha kuelewa kwamba ni saini, tulidhani shida imekwisha. Hapo ndipo tulipokutana na barua ya sheha. Ndugu zetu walioko Unguja, ambao wangeweza kufika mahakamani kwa miguu, wamepanga vyumba, na vitambulisho vyao vinaonesha shehia za Pemba walikozaliwa na kuandikishwa. Sheha wa huko wanakoishi alisema hawezi kumwandikia barua mtu ambaye kwa kitambulisho chake si wake. Sheha wa huku alikuwa tayari kuandika, lakini mhusika yuko Unguja na barua ilitakiwa halisi, yenye mhuri. Matokeo yake mimi na mume wa binti yangu tulichukua barua zetu, tukapanda meli, tukafika bandari ya Malindi, Unguja, mchana wa Jumatano, na kijana akatoka siku ya Alkhamisi. Alilala Chuo cha Mafunzo, ndilo jina la gereza kwetu, usiku tatu akiwa tayari ameshapewa dhamana. Hakimu hakumnyima. Alinyimwa na maji yaliyoko baina ya visiwa viwili.

Sisemi barua ya sheha iondolewe. Mahakama inahitaji kujua mdhamini anapatikana wapi, na hakuna anayewajua watu wa mtaa kuliko sheha. Ninachosema ni kwamba vijana wa Pemba wanaofanya kazi Unguja si wachache, hawakuanza jana, na utaratibu unaowataka wawe na mtu mwenye nyumba na sheha karibu na mahakama unawaangukia wao kuliko mwingine yeyote. Sheha wa Wete ana simu. Karani wa mahakama ana simu. Barua inaweza kupigwa picha, ikatumwa, ikathibitishwa kwa mazungumzo ya dakika tano, na ile halisi ikafuata na meli. Kama kuna sababu ya kisheria inayozuia hilo, wahusika watueleze kupitia ukurasa huu huu wa barua, nami nitakuwa wa kwanza kunyamaza.

Kuna la kuwaambia na wadhamini pia, maana nimeona watu wakisaini kama wanasaini daftari la harusi. Ukimdhamini mtu, tarehe zake za kesi ni zako. Asipofika, hakimu anaweza kutoa hati ya kumkamata na kukuita wewe ueleze kwa nini usilipe kiasi ulichosaini. Mimi nimeziandika tarehe za kijana wetu nyuma ya kalenda ya jikoni, na siku moja kabla humpigia simu asubuhi na usiku, mpaka anachoka nami. Na ikiwa mdhamini ameanza kuwa na wasiwasi na mtu wake, sheria haimfungi milele: anaweza kurudi mahakamani kuomba ajitoe, na hapo mshtakiwa atatakiwa atafute mdhamini mwingine au arudi rumande. Kujitoa mapema si usaliti, na ni afadhali kuliko kukaa kimya mpaka mtu avuke kwenda Mombasa.

Familia iliyoelemewa na masharti nayo isikate tamaa siku ya kwanza. Sheria inataka kiwango cha dhamana kizingatie hali ya kesi na kisipite kiasi, na masharti yanaweza kuombwa yapunguzwe mbele ya hakimu yule yule au Mahakama Kuu. Asiye na wakili anaweza kuwatafuta wasaidizi wa sheria, ambao wametambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina ofisi Unguja na Chake Chake. Mimi nilipita mbele ya ofisi ya Chake miaka mingi nikienda kwenye mikutano ya walimu, na haikunipitikia kwamba ipo siku nitaihitaji.

Maombi yangu kwa wenye mamlaka si makubwa. Mahakama impe ndugu wa mshtakiwa karatasi moja yenye masharti ya dhamana kwa Kiswahili chepesi, ikisema wazi ni taslimu au ni maandishi, kiasi gani kwa kila mdhamini, na nyaraka zipi zinatakiwa. Yanayosemwa kizimbani husemwa haraka, chumba kina watu, na mama aliyemwona mwanawe ametoka na pingu hasikii nusu yake. Vituo vya polisi navyo viweke tangazo mlangoni, si ndani nyuma ya kaunta, linalosema kwamba dhamana haina malipo na anayetaka kumdhamini mtu aje na kitu gani. Na wewe Mhariri, waandishi wako wanaporipoti kwamba fulani amepewa dhamana ya milioni kadhaa, nakuomba uwatake waandike kila mara kama ni fedha taslimu au bondi ya maandishi, kwa sababu wapo tunaosoma habari hizo na kudhani kwamba hiyo ndiyo bei.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba