Watahiniwa wa CCNA wajenge maabara nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwashauri vijana wanaojiandaa kwa mtihani wa CCNA, yaani cheti cha ufundi wa mitandao ya kompyuta, wa kampuni ya Cisco. Ada yake ni takriban dola 300 za Marekani, na inaniuma kuona mtu akiilipa baada ya kukariri tu majibu yanayouzwa mtandaoni, ilhali mtihani huu wa dakika 120 umejengwa juu ya kusanidi vifaa na kuthibitisha kwamba vinafanya kazi.

Maabara ya nyumbani haihitaji utajiri. Programu ya Packet Tracer, inayoiga mtandao mzima ndani ya kompyuta moja, hutolewa bure na Cisco Networking Academy, na mwenye uwezo zaidi anaweza kununua ruta na swichi (vifaa vya kuunganisha kompyuta na mitandao) zilizokwisha kutumika, ingawa nyingi hupiga kelele ambazo majirani hawatazipenda.

Faida kubwa hupatikana pale mwanafunzi anapouharibu mtandao kwa makusudi. Kwa mfano, katika OSPF, utaratibu ambao ruta hutumia kuelezana njia za kupitisha data, juu ya Etheneti (mtandao wa kawaida wa nyaya), ruta hutuma salamu kila baada ya sekunde 10 na humhesabu ruta jirani kuwa amepotea baada ya sekunde 40. Ukibadilisha muda huo upande mmoja tu, ujirani hauundwi, hata kama nyaya na anwani zote ni sahihi. Aliyewahi kulitafuta kosa hilo mwenyewe hatalisahau kazini.

Nawaomba pia wakuu wa vyuo wafungue maabara zao jioni na Jumamosi kwa wasio na kompyuta.

Msomaji wako,
Dodoma