Barua ya wazi kwa vijana mnaonunua nyumba kwa pesa ya korosho

Wanangu wa Mtwara na Lindi,

Marahaba kwa mlionisalimu na mtakaonisalimu. Minada ya korosho ikishachangamka, malipo yanaingia kwenye akaunti na madalali wanaingia mitaani. Nyumba iliyolala bila mteja tangu Machi inaamka na bei mpya. Mtaambiwa kuna mtu wa Newala anakuja kesho na keshi mkononi. Mwacheni aje. Nyumba isiyo na tatizo itawasubiri wiki mbili mkague karatasi, na nyingine ikitoka Ligula, Chuno nako kuna nyumba.

Kwanza jueni anayeuza anauza kama nani.

Akisema ana hati, msiishike mkononi mkaridhika. Nakilini namba ya hati, ya kitalu na ya kiwanja, mpeleke ofisi ya ardhi ya mkoa, mwombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Jibu lije kwa maandishi: jina la mmiliki, muda wa hati (miaka 33, 66 au 99, na imeshaliwa mingapi), na kama kuna rehani au zuio. Hati halisi inaweza kuwa imelala kabatini benki, ninyi mnaonyeshwa nakala ya rangi iliyotiwa nailoni. Jina lilinganisheni na kitambulisho chake cha NIDA, herufi kwa herufi.

Balaa kubwa huku kwetu ni nyumba ya urithi. Mzee amefariki, mtoto mkubwa ndiye mwenye funguo, basi anajiona mwenye nyumba. Hana mamlaka hayo mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Mwambieni awaonyeshe barua ya uteuzi, kisha mwende mahakama iliyoitoa mkahakikishe jalada lipo. Hata akiwa msimamizi halali, nyumba si yake peke yake. Takeni muhtasari wa kikao cha familia wenye saini za warithi wote, pamoja na yule dada aliyeolewa Masasi, ambaye kila mtu anasema "hana neno". Na mjomba je? Mahakamani mjomba hahesabiki kuwa mrithi kwa kuwa mjomba tu, lakini kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao neno lake lina uzito, na asiposhirikishwa ndiye atakayewaletea ugomvi mlangoni. Mwiteni akae, asaini kama shahidi. Soda moja ni rahisi kuliko kesi ya ardhi.

Mume anayeuza nyumba ya ndoa lazima mke aridhie, na mke vilevile mume wake. Ndivyo ilivyo tangu Sheria ya Ndoa ya 1971. Ridhaa iandikwe na isainiwe mbele ya wakili. Mwenye wake wawili, tafuteni saini zote mbili. Anayesema hajaoa au ameacha, ale kiapo, na talaka muione.

Mkitoka mjini mkaingia ardhi ya kijiji, inayotawala ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Huko mnahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, kwa kikao chenye muhtasari. Muhuri wa mwenyekiti aliogonga barazani kwake hautoshi. Na ile asilimia 10 anayodaiwa mnunuzi "ya ofisi" haimo katika sheria yoyote. Ukiitoa umeitoa kwa hiari yako.

Sasa tembeeni kiwanjani na mpima ardhi, mzitafute bikoni zote, yale mawe ya mipaka, mlinganishe na ramani. Wanaopenda upepo wa Shangani wakumbuke Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: ndani ya mita 60 kutoka baharini shughuli za kudumu haziruhusiwi. Kando ya barabara kuu pimeni mita 30 kutoka katikati. Baraza la mbele likiingia humo, mnanunua alama ya X, ile ya kubomolewa.

Nyumba yenyewe itazameni mchana, na ikiwezekana siku moja baada ya mvua kubwa. Waulizeni majirani maji yalifika wapi mvua za kimbunga Hidaya, Mei 2024. Jirani hana kamisheni. Chukueni msumari wa inchi 4, mkwangue ukuta kwa nje, kimo cha goti. Tofali zuri linakwaruzika tu. Likimwagika kama sukari, saruji ilikuwa kidogo. Mkiona unga mweupe ukutani, gusisheni ulimi: ukiwa wa chumvi, basi huenda mchanga ulichotwa ufukweni, na kama ndani ya zege kuna nondo, chumvi hiyo inazila. Nyufa nyembamba za plasta zisiwatishe. Unaotisha ni ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha na kuingiza sarafu, maana hapo msingi umetitia. Pandeni darini na tochi, mgonge kenchi. Penye mlio mfu kuna mchwa. Huku pwani bati huanzia kutu penye misumari.

Nyumba za kale za Mikindani, za mawe ya matumbawe na chokaa, ni jambo jingine. Ukizikuta zimepigwa plasta ya saruji juu, punguza bei: unyevu umefungiwa ndani na ukuta unaoza taratibu.

Tukija kwenye pesa, mkataba wa mauziano ya ardhi lazima uwe wa maandishi. Uandikwe na wakili wenu, si wa muuzaji. Msilipe mkononi, pitisheni benki, na kwa awamu. Kwa nyumba ya milioni 40, kwa mfano, milioni 4 siku ya kusaini, 26 akishakabidhi hati halisi na kusaini fomu za ardhi za kuhamisha umiliki, Na. 29, 30 na 35, na 10 za mwisho uhamisho ukishasajiliwa na nyumba iko wazi. Muuzaji atanung'unika. Anayekataa kabisa, muulizeni anaogopa nini.

Mkataba useme nani analipa nini. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida, na bila cheti cha TRA uhamisho hauendi. Ndiyo maana zile milioni 10 zibaki kwenu. Ushuru wa stempu, takribani asilimia 1, kwa kawaida ni wenu. Kodi ya pango la ardhi ya miaka ya nyuma mwachieni aliyekaa miaka hiyo.

Kabla ya kupokea funguo, wekeni LUKU ya elfu tano mtazame makato, maana kodi ya jengo ya miezi iliyorukwa hujikusanya humo, kisha mwulizie deni la maji MTUWASA. Na kama chumba cha uani kina mpangaji aliyelipa miezi 6 mbele, muulizeni yeye mwenyewe amebakiza mingapi, muikate kwenye bei.

Mzee wenu,
Mikindani