Mwanangu, Daftari Mpe Mwingine

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani hatujambo, bibi naye hajambo ila goti. Ripoti yako imefika. Hisabati umepanda, Kiingereza kiko palepale, nidhamu wamekusifu. Baba yako ameizungusha kwa majirani kama kadi ya harusi. Mimi nimekwama kwenye mstari mmoja wa mwalimu wa umeme: "Ana mwandiko mzuri, ndiye mwandishi wa kikundi chake."

Sasa niambie, hao wavulana wakiwa wanafunga nyaya, wewe unakuwa wapi?

Nauliza kwa sababu hali naijua. Wanafunzi wengi, maltimita ya kupimia umeme moja, kipindi cha karakana kifupi. Mwenye papara anawahi bisibisi, mpole anapewa kalamu. Muhula unaisha daftari limejaa, vidole havijui kitu. Na hiyo tabia ya kupisha wenzio najua hukuiokota mtaani, ilitoka humuhumu ndani. Tuyaache hayo.

Ninyi ndio wa kwanza wa mkondo huu wa amali, wa kusomea ufundi sekondari, mlioanza kidato cha kwanza 2024. Mwakani mtihani, na watu wanawatazama. Mjomba wako mkubwa alisoma enzi za michepuo, kulikuwa na kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu, yeye akawa kilimo. Amepalilia shamba la shule miaka minne, na hadi leo mbolea ya kupandia na ya kukuzia anazichanganya. Alilima, hakufundishwa. Usije na wewe ukawa uliandika tu.

Maana kuandika, siku hizi hata simu inaandika. Mdogo wako anaiuliza akili mnemba maswali ya jiografia, inampa insha nzima, naye ananakili bila hata kusoma. Nimemnyang'anya simu, amenuna tangu jana. Lakini simu hiyohiyo haipandi darini kutafuta waya unaopiga shoti.

Likizo uliniambia swichi lazima ikate laivu, waya unaoleta umeme, siyo nyutro, ule unaourudisha, kwa sababu ikikata nyutro taa inazimika lakini holda inabaki na umeme. Basi juzi fundi wetu alikuja kutengeneza taa ya jikoni. Alipomaliza nikamuuliza, swichi hii inakata ipi? Akacheka. "Mama, taa si imezimika?" Nikamwambia aguse holda kwa testa, swichi ikiwa imezimwa vilevile. Testa ikawaka. Hakusema neno, akafungua upya, na bei akanipunguzia bila kuombwa. Nilijivuna mwanangu, mpaka nikaona aibu. Ila hilo ulilijua kwa kushika, au uliliandika wenzio wakiwa wameshika?

Mwombe mwalimu mzunguke, leo kalamu kwako, kesho kwa mwingine. Wakicheka waache wacheke, hawatakulipia ada. Lile somo la biashara nalo usilisinzie. Mafundi wa huku mtaani kazi wanaijua, kupanga bei hawajui, hela ya vifaa wanaila njiani halafu wanazima simu.

Ovaroli mpya nimekushonea, nimeacha upindo miguuni maana unarefuka. Shangazi yako amelalamika kwamba ni suruali. Nimemjibu akapande yeye ngazi na gauni. Yule kuku mweupe ametotoa, mwewe ameshabeba wawili. Na umeme wa LUKU siku hizi unakwisha upesi sana, nashuku friji. Baba yako anataka kumwita fundi, nimemwambia asubiri ufunge shule.

Mzigo nimempa kondakta wa basi lilelile: sabuni, karanga, dawa ya mswaki. Hela imo ndani ya soksi za kijivu, usizikung'ute mbele za watu. Ukijibu, anza na lile swali langu, salamu baadaye.

Mama yako