Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, assalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Shughuli za kawaida mnazijua: tumezika, tumetembelea wagonjwa, tumepima presha na sukari Mikindani na Magomeni. Wanachama tuko 86, waliokamilisha ada ni 31. Makusanyo shilingi 2,140,000, matumizi 1,985,000.

Nije kwenye lililozua maneno. Kamati ilitoa shilingi 1,200,000 kumchangia mama yetu abadilishwe nyonga Dar es Salaam. Wapo waliosema angeambiwa kwanza apungue, fedha za chama zisitupwe kwa mtu mnene. Kwa ruhusa yake nasema: alikuwa na kilo 98 kwa urefu wa sentimita 160, yaani BMI, kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, ya 38. Kuvaa kandambili alivalishwa na mjukuu, kukaa mkekani alishasahau. Mtu wa hali hiyo apungue kwa kukimbia wapi?

Hatari tulizijua. Nilikwenda mwenyewe kwa daktari wa mifupa kabla ya kusaini. Kwa mtu mnene operesheni huchukua muda mrefu zaidi, kidonda huchelewa kukauka, maambukizi hutokea zaidi, na nyonga bandia huweza kuchomoka. BMI ikipita 40 hatari huzidi, ndiyo maana mwaka 2013 mabingwa wa nyonga na magoti wa Marekani walishauri wagonjwa hao wafikiriwe kusubiri. Mama hakufika huko. Na mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, wa 2022, unasema mgonjwa asinyimwe rufaa ya upasuaji huu kwa sababu ya unene. Wanene nao hupata nafuu kubwa ya maumivu. Tulichosisitiziwa ni sukari idhibitiwe kwanza, na asijishindishe njaa, maana mwili uliokosa lishe hauponyi kidonda vizuri.

Ndiyo, kidonda kilitoa maji kwa siku kadhaa, tukakesha na wasiwasi. Kikakauka. Leo ametembea kutoka kituo cha bajaji hadi humu ukumbini. Uamuzi ule ningeusaini tena.

Linaloniumiza ni mahudhurio. Waliolalamika sana kwenye kundi la WhatsApp, wengi hawakuonekana kikao cha Agosti tulipolijadili suala hili, na baadhi hawajalipa ada tangu mwaka juzi. Kila ukiwauliza, "Subiri mnada wa korosho, mwenyekiti." Minada imepita, ndugu zangu.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kuanzisha mazoezi ya kutembea na kumpata mtaalamu wa lishe. Mweka hazina yupo mlangoni na kitabu cha stakabadhi.