Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Chama cha Wataalamu wa Maabara za Damu

Ndugu wanachama,

Vikao vya kamati vilifanyika kama katiba inavyoelekeza, wanachama wapya walipokelewa, na hesabu zimo kwenye taarifa ya mhazini. Hayo mnayajua.

Lililotugawa ni kuhamisha fedha za tafrija kwenda kwenye mafunzo ya sukari za utando wa seli. Pendekezo lilikuwa langu na bado nalisimamia. Wapo waliouliza sukari inatuhusu nini sisi wa benki ya damu. Inatuhusu kwa sababu kundi la damu la A, B na O lenyewe ni sukari. Minyororo ya sukari juu ya seli nyekundu ikipata fukosi, sukari nyingine, huwa H, msingi wa A na B. Mwenye A huongezewa N-asetili-galaktosamini, mwenye B galaktosi, na O hubaki na H tupu. Kwa tofauti ya sukari hiyo moja, mgonjwa akiwekewa damu isiyomfaa anaweza kufa.

Ndiyo maana kamati ilisisitiza kupima pande zote mbili, seli za mgonjwa na plazma yake, yaani sehemu ya maji ya damu yenye kingamwili. Osha seli za mgonjwa kwa salaini (maji ya chumvi), tengeneza mchanganyiko wa asilimia 3 hadi 5, upime kwa anti-A na anti-B, kingamwili zinazogandisha seli zenye A au B. Kisha weka matone 2 ya plazma yake katika kila tyubu, moja na tone la seli za A1 (aina ya kawaida ya A), nyingine na tone la seli za B. Zungusha kwenye sentrifuji sekunde 15 hadi 30, tikisa taratibu, usome kama seli zimeshikana mabonge, ambalo ni jibu chanya. Seli zikipasuka na maji yakawa mekundu, hilo nalo ni jibu chanya, ingawa hakuna mabonge. Kwa kichanga wa chini ya miezi 4 tegemeeni upande wa seli tu, kwani kingamwili zake bado hazijajengeka.

Anayepima seli peke yake atamwandika O mtu wa aina ya Bombay, kundi adimu la damu lililoelezwa mwaka 1952. Huyo hana hata H, na plazma yake hugandisha seli za A, za B na za O pia. Kwa hiyo wekeni na tyubu ya seli za O. Katika saratani ya utumbo mpana, bakteria wanaweza kuondoa kipande kiitwacho asetili kwenye sukari ya A ikafanana na B: mgonjwa wa A anasomeka AB, huku plazma yake ikiwa bado na anti-B. Kwa mtoto mwenye nimonia kali ya nyumokokasi, kimeng'enya cha bakteria kinaweza kukata asidi ya sialiki, sukari ya nje ya seli nyekundu, na kufichua sukari ya T iliyofichwa chini yake, ambayo karibu kila mtu mzima ana kingamwili dhidi yake. Hata malaria imo: seli zenye vimelea hushikamana kwa urahisi zaidi na seli za A kuliko za O, na O hupata nafuu dhidi ya malaria kali.

Nasikitika kwamba waliopinga kwa sauti kubwa hawakufika kwenye mafunzo. Ada nayo wengi hawajalipa, na seli za kupimia hudumu wiki chache tu kwenye friji, hivyo haziwezi kununuliwa mara moja kwa mwaka mzima. Anayedai huduma za chama alipe kwanza.

Mwakani tunatarajia, fedha zikipatikana, kuyafikisha mafunzo haya mikoani na kupata lektini ya anti-H, protini inayotambua H.

Mwenyekiti